Mserbia wa Fresno

Magazeti ya Marekani yalimbandika Bill Vukovich jina la "Mrusi Mwendawazimu", na jina likamganda mpaka kaburini. Hakuwa Mrusi. Wazazi wake walikuwa Waserbia waliohamia California kutoka Balkani, lakini kwa masikio ya waandishi wa michezo wa zama zile, kila jina lililoishia na "vich" lilitoka Moscow. Na huo uwendawazimu nimeutafuta katika mbio zake zote tano za Indianapolis, mzunguko baada ya mzunguko, nisiuone. Ninachokiona ni mwanamume aliyejua uwezo wa gari lake, akajua na uwezo wa mwili wake, akavitumia vyote viwili mpaka ukomo bila kuuvuka. Kilichomshinda mara mbili, mwaka 1952 na mwaka 1955, hakikutoka mikononi mwake.

Nasimulia habari zake kwa sababu wapenzi wengi wa langalanga siku hizi, wanaoyajua vizuri majina ya Fangio na Ascari, hawajui kwamba Vukovich yumo katika orodha ileile. Kuanzia 1950 hadi 1960, mbio za Indianapolis 500 zilihesabiwa miongoni mwa mbio za ubingwa wa dunia wa madereva. Wazungu wa Ulaya hawakwenda Indianapolis, na Wamarekani hawakwenda Ulaya, isipokuwa wachache. Lakini alama ziliandikwa katika daftari moja. Ukilifungua daftari hilo utaona jambo la ajabu. Tangu mbio za Ubelgiji za Juni 1952 hadi zile za Ubelgiji za Juni 1953, Alberto Ascari alishinda kila mbio ya ubingwa, ila moja tu. Hiyo moja ilichukuliwa na Vukovich.

Alizaliwa Desemba 13, 1918, jimboni California, akakulia Fresno, katikati ya bonde la San Joaquin. Ni nchi ya mizabibu na pamba. Zabibu huchumwa mwishoni mwa kiangazi na kuanikwa chini, kati ya mistari ya mizabibu, zikaushwe na jua kali. Na jua la Fresno wakati huo si la mchezo. Jina la ukoo wa wazazi lilikuwa Vučurović, likapunguzwa na kulainishwa ili Wamarekani waweze kulitamka. Baba alifariki mwaka 1932, katika miaka mibaya kabisa ya mdororo wa uchumi, Bill akiwa kijana wa miaka 14 au karibu yake. Akaacha shule, akaingia kwenye vibarua: kuchuma pamba, kuendesha malori, chochote kilicholeta unga nyumbani. Kaka zake, Mike na Eli, nao walikuwa wakihangaika vivyo hivyo, na wote watatu hatimaye waliingia kwenye mashindano ya magari. Kwa vijana wa hali yao, mashindano yalikuwa kibarua kingine, tena kibarua kilicholipa vizuri kuliko pamba kwa yule aliyewahi kufika.

Bill alianza kushindana mwaka 1938. Muda si mrefu akahamia kwenye magari madogo ya mbio, ambayo wakati huo yalikuwa yamewashika watu wa California kama homa. Hebu yafikirie: gari fupi, jembamba, lisilo na paa wala bodi ya kufunika magurudumu, dereva amekaa wima na mabega yake yako nje, mikono inaonekana yote ikipigana na usukani. Viwanja vilikuwa vidogo, vingi vikiwa vya udongo, na mashindano yalifanyika usiku chini ya taa, siku kadhaa kwa wiki, mji baada ya mji. Mtu alishindana Los Angeles leo, akalala barabarani, kesho yuko kwingine. Uwanja uliopendwa kuliko vyote ulikuwa Gilmore, pale Los Angeles, uliofunguliwa mwaka 1934; baadaye ulibomolewa, na mahali pake pakajengwa studio kubwa za televisheni.

Gari la Vukovich lilikuwa jekundu, likiitwa Old Ironsides. Injini yake ilikuwa ya Drake, wakati washindani wenye fedha walikuwa na injini za Offenhauser zenye nguvu zaidi. Kwa hiyo alijifunza mapema kupata kwa mikono yake kile ambacho injini haikumpa. Kwenye udongo, gari la mbio haliendi kona kama gari la barabarani. Linaingizwa upande upande, nyuma ikitangulia kutoka, na dereva analishika hapo kwa usukani na kanyagio la mafuta, huku magari mengine matano au sita yakifanya vivyo hivyo umbali wa mkono mmoja. Ukifanya hivyo mara mia kadhaa kwa mwaka, miaka na miaka, mikono inaanza kufikiri yenyewe. Naamini siri yote ya Vukovich iko katika miaka hiyo ya vumbi. Waliomwona Indianapolis akichelewa kuinua mguu kwenye kona kuliko wengine wote wakadhani anakitafuta kifo kwa nguvu. Kumbe alikuwa akifanya kazi aliyokwisha kuifanya mara elfu, mahali palipokuwa pembamba zaidi.

Vita vilikatiza kila kitu. Serikali ya Marekani ilisimamisha mashindano ya magari mwaka 1942 ili kuokoa mafuta na mipira, na Vukovich akaenda kutengeneza magari ya jeshi. Mashindano yaliporudi, alirudi na njaa. Alikuwa bingwa wa magari madogo wa chama cha URA cha pwani ya magharibi mwaka 1945, akarudia mwaka 1946. Mwaka 1950 akatwaa ubingwa wa taifa wa magari madogo chini ya AAA, chama cha wenye magari kilichosimamia mashindano makubwa ya Marekani wakati huo. Alikuwa na miaka 31. Kwa kijana wa kibarua wa Fresno, palibaki mlima mmoja tu.

Uwanja wa Indianapolis una urefu wa kilomita nne kwa mzunguko mmoja: nyoofu mbili ndefu, nyoofu mbili fupi, na kona nne, zote za kushoto. Uliwekwa matofali milioni 3.2 mwaka 1909, na katika miaka ya Vukovich sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kufunikwa lami, lakini nyoofu kuu ya mbele bado ilikuwa ya matofali, ikimtikisa dereva kila mara anapopita mbele ya jukwaa. Mbio zilifanyika Mei 30, siku ambayo Wamarekani huwakumbuka wanajeshi wao waliokufa vitani. Magari 33, safu 11 za magari matatu matatu, mizunguko 200, maili 500, yaani kilomita 805. Kuta ngumu kando. Hakuna fito ya chuma ya kumlinda dereva kichwani gari likipinduka. Hakuna nguo za kuzuia moto. Madereva wengi walivaa fulana ya kawaida na suruali.

Mwaka 1950 alifanya mtihani wa wageni wa uwanja huo katika Maserati kuukuu, ileile iliyompa Wilbur Shaw ushindi wa 1939 na 1940. Mtihani alifaulu, lakini hakuingia kwenye orodha ya 33. Mwaka 1951 aliingia, akaanza wa 20, na gari likaishiwa nguvu baada ya mizunguko 29 kwa kuvuja tangi la oili. Hayo yanatosha kuhusu mwaka huo.

Kilichobadilisha maisha yake ni gari na watu waliolitengeneza. Howard Keck, mtu wa familia ya matajiri wa mafuta ya petroli wa California, alikuwa na timu ya mbio iliyoongozwa na mafundi wawili vijana, Jim Travers na Frank Coon. Walimwagiza Frank Kurtis, mjenzi mkuu wa magari ya mbio wa Marekani, awatengenezee gari la namna mpya kwa ajili ya 1952. Magari ya Indianapolis ya kabla ya hapo yalikuwa yamesimama wima: injini katikati, na propela shafti ikipita chini ya kiti cha dereva, hivyo dereva alikaa juu kama mtu aliyepanda farasi. Kurtis aliiinamisha injini upande na kuisogeza, na propela shafti ikapita kando ya dereva. Dereva akashuka chini, gari zima likashuka, na kwa kuwa kona zote ni za kushoto, uzito nao ukawekwa kushoto kwa makusudi. Injini ilikuwa Offenhauser ya silinda nne. Kuhusu injini hiyo inatosha kusema kwamba kila gari lililoshinda Indianapolis kuanzia 1947 hadi 1964 lilikuwa nayo. Mafuta yaliingia kwenye silinda kwa mfumo wa kunyunyizia uliobuniwa na Stuart Hilborn, badala ya kabureta, na ndiyo maana gari likaitwa Fuel Injection Special. Kila timu iliyoliona ikajua kwamba ilichokuwa nacho gereji kimepitwa na wakati.

Vukovich alilianzisha nafasi ya nane Mei 30, 1952. Mbele kabisa, kwenye nafasi ya kwanza, lilikuwa gari la dizeli la Cummins likiendeshwa na Fred Agabashian, maajabu mengine ya mwaka huo. Nyuma kidogo alikuwepo Ascari na Ferrari yake, akijaribu bahati. Gurudumu lilimwangusha kwenye mzunguko wa 40. Vukovich hakuchukua muda kufika mbele, na alipofika alikaa. Kati ya mizunguko 200 ya mbio, aliongoza 150. Troy Ruttman, kijana wa miaka 22, ndiye peke yake aliyekuwa na mwendo wa kumkaribia, naye alikuwa akimfukuza bila kumpata.

Ikabaki mizunguko tisa. Vukovich alikuwa amekwisha kuhisi kwa muda kwamba usukani unakuwa mzito na mgeni mikononi. Kisha kipande kidogo cha mtambo wa usukani kikakatika. Gari la mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, bila usukani, kwenye uwanja wenye kuta pande zote: hapo ndipo ningependa kila anayemwita mwendawazimu asimame atazame. Alilielekeza kwenye ukuta wa nje, akaliegemeza, akaliacha lisuguane na saruji huku akikanyaga breki, mpaka likasimama. Hakugonga mtu. Hakupinduka. Akateremka, akaegemea ukuta, akamtazama Ruttman akipita kwenda kushinda. Ruttman ndiye mshindi kijana kuliko wote katika historia ya Indianapolis, na rekodi yake bado ipo.

Mwaka huohuo alishinda mbio mbili za magari makubwa kwenye viwanja vya udongo, Detroit na Denver. Lakini mawazo yake yote, na ya Travers na Coon, yalikuwa kwenye mwezi Mei uliofuata.

Mei 1953 mvua ilinyesha siku ya kutafuta nafasi. Utaratibu wa Indianapolis ni kwamba kila dereva huenda peke yake, mizunguko minne, na wastani wa mwendo ndio unaompa nafasi. Vukovich aliingia uwanjani, na kabla hajamaliza mvua ikaanza kudondoka. Mtu mwingine angeinua mguu na kurudi kituoni kungojea. Yeye alimaliza mizunguko yake minne kwa wastani wa maili 138.392 kwa saa, sawa na kilomita 222.7, akapata nafasi ya kwanza. Hili ndilo tendo lililo karibu zaidi na ule uwendawazimu unaosemwa, na hata hapo naona hesabu: lami bado haijalowa kabisa, mikono yake inajua utelezi kuliko mikono ya mtu yeyote aliyekuwepo, na nafasi ya kwanza iko mbele yake.

Siku ya mbio yenyewe, Mei 30, 1953, ilikuwa ya joto la kuua. Naandika neno hilo kwa maana yake halisi. Hewa ilipita nyuzi 32, na ndani ya gari, nyuma ya injini iliyokuwa ikiunguruma kwa saa nyingi, palikuwa kama tanuri. Madereva walianza kushuka kituoni mmoja mmoja, wameshikwa na kizunguzungu, na wengine waliokuwa hawashindani siku hiyo wakapanda kumalizia kwa niaba yao, kama sheria ilivyoruhusu. Carl Scarborough aliteremka kwenye gari lake, Bob Scott akashika usukani, na Scarborough akapelekwa hospitali ya uwanjani. Akafia hapo, kwa joto.

Vukovich hakuteremka. Aliongoza mizunguko 48 ya kwanza, akaupoteza uongozi kwa mizunguko mitano tu alipoingia kujaza mafuta na kubadilisha mipira, akaurudisha, na hakuuacha tena. Mizunguko 195 kati ya 200. Wastani wa maili 128.740 kwa saa, kilomita 207. Art Cross akamfuata wa pili. Inasimuliwa kwamba waandishi walipomuuliza amewezaje kustahimili joto lile, aliwajibu kwamba anayeona hapo pana joto aende Fresno akaendeshe trekta mwezi Julai. Sina shaka na maana ya jibu hilo, hata kama maneno yamepigwa msasa na wasimulizi. Mtu huyo alikuwa amekaushwa na jua lilelile linalokausha zabibu. Tena hakuitegemea Fresno peke yake: alikuwa mtu wa mazoezi, akikimbia na kuimarisha viganja vyake, katika zama ambazo madereva wengi walidhani kuendesha gari hakuhitaji mwili bali roho tu.

Ushindi wa 1954 ulikuwa wa aina nyingine, na mimi nauthamini zaidi. Mwezi mzima mambo yalimwendea kombo. Gari lilikuwa lilelile, sasa na umri wa miaka miwili, na alichelewa kupata nafasi hata akaanza wa 19. Jack McGrath alikuwa amekuja na mwendo ambao haujawahi kuonekana: maili 141.033 kwa saa, mtu wa kwanza kuvuka 140. Siku ya mbio McGrath alitoka mbele na kuongoza mizunguko 44 ya mwanzo. Vukovich hakumfukuza kwa pupa. Alikula gari moja, akala jingine, akachunga mipira yake, akachunga mafuta. Kwenye mzunguko wa 92 alishika uongozi, akauachia kwa muda alipoingia kituoni, na kutoka mzunguko wa 150 hadi mwisho alikuwa mbele. Jimmy Bryan, aliyemaliza wa pili, alifika akiwa amepondeka mwili kwa mitikisiko, springi na shokapu za gari lake zimevunjika. Vukovich alishuka akiwa mzima. Wastani wake, maili 130.840 kwa saa, ulikuwa rekodi mpya ya mbio hizo. Ni watu wawili tu kabla yake waliokuwa wameshinda Indianapolis miaka miwili mfululizo: Shaw, na Mauri Rose mwaka 1947 na 1948.

Mwaka 1955 Keck hakuleta gari. Vukovich, pamoja na Travers na Coon, walikwenda kwa Lindsey Hopkins, aliyekuwa na Kurtis ya bluu. Mwaka wenyewe ulikuwa umeanza na misiba. Larry Crockett, aliyetia fora kama mgeni bora wa Indianapolis mwaka uliotangulia, alikuwa amekufa mashindanoni Langhorne. Mike Nazaruk alikufa palepale Langhorne mwanzoni mwa Mei. Manny Ayulo alikufa Indianapolis kwenye mazoezi. Na Mei 26, siku nne kabla ya mbio, habari zikaja kutoka Italia kwamba Ascari amekufa Monza.

Siku ya mbio upepo ulikuwa mkali. Vukovich alianza wa tano, na mara moja yeye na McGrath wakaanza vita ambavyo waliovishuhudia hawakuvisahau. McGrath anaongoza, Vukovich anampokonya kwenye mzunguko wa nne. McGrath anarudisha, Vukovich anachukua tena. Magari mawili yanaingia kona pamoja kama yamefungwa kwa kamba. Kuanzia mzunguko wa 27 Vukovich aliachana naye. Gari la McGrath liliharibika kwenye mzunguko wa 54. Hapo hapakuwa na mtu wa kumfikia Vukovich. Alikuwa na nafasi nyuma yake, na mbele yake ilikuwa safari ya kuelekea ushindi wa tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya.

Kwenye mzunguko wa 57, akitoka kona ya pili kuingia nyoofu ya nyuma, alikuta kundi la magari ya nyuma aliyokuwa akielekea kuyapita. Ekseli ya gari la Rodger Ward ilikatika, gari likagonga ukuta na kupinduka. Al Keller alikwepa, akapoteza gari, akamgonga Johnny Boyd. Gari la Boyd likasukumwa likaziba njia, sekunde ileile Vukovich alipofika. Hapakuwa na pengo. Gurudumu lake lilipanda juu ya gurudumu la Boyd, gari la bluu likaruka juu ya ukuta wa nje, likabingirika hewani na ardhini, likatua juu chini na kuwaka moto. Vukovich alikufa kwa kuvunjika fuvu. Alikuwa na miaka 36.

Ed Elisian, dereva mwenzake kutoka California, alisimamisha gari lake katikati ya mbio, akaruka, akakimbia kuvuka uwanja kwenda kumtoa rafiki yake motoni. Alizuiwa na moto na watu. Akapoteza nafasi yake, na sidhani aliijali. Ningependa jina la Elisian likumbukwe kwa kitendo hicho, kwa maana miaka mitatu baadaye watu walimlaumu kwa ajali kubwa iliyomuua Pat O'Connor palepale Indianapolis, na mwaka 1959 naye akafa kwenye uwanja wa Milwaukee. Mbio za 1955 ziliendelea. Bob Sweikert alishinda.

Ninapoitazama ajali ile, nagundua jinsi ilivyo tofauti na jina la Mrusi Mwendawazimu. Hakuwa akimkimbiza mtu. Hakuwa akijaribu mwendo asiouweza. Alikuwa mbele, peke yake, akifanya kazi ya kawaida ya kiongozi wa mbio, yaani kuwapita walioachwa nyuma. Na chuma kilichokatika kwenye gari la mtu mwingine kikamfungia njia. Miaka mitatu nyuma kipande kidogo cha gari lake mwenyewe kilimnyang'anya ushindi akabaki hai. Mara hii hakupewa hata ukuta wa kuegemea.

Siku 12 baadaye, Juni 11, gari la Mercedes lilirukia watazamaji Le Mans, Ufaransa, na zaidi ya watu 80 wakafa. Marekani nako sauti zilipanda. Seneta Richard Neuberger wa Oregon alitaka mashindano ya magari yapigwe marufuku nchini kote. Agosti ya mwaka huo AAA ilitangaza kwamba inaacha kabisa kusimamia mashindano, baada ya nusu karne ya kazi hiyo, na chama kipya cha USAC kikaundwa kuchukua mahali pake. Jerry Hoyt, aliyekuwa ameanza wa kwanza kwenye mbio za Mei 30, alikufa Julai. McGrath, mpinzani wa mizunguko ile ya mwisho, alikufa Novemba, Phoenix. Ward aliishi. Alikaribia kuacha mashindano kwa uchungu, lakini alirudi, akashinda Indianapolis mwaka 1959 na 1962. Fito za chuma za kulinda kichwa cha dereva gari likipinduka zililazimishwa Indianapolis mwaka 1959. Kwa Vukovich zilichelewa miaka minne.

Alizikwa kwao Fresno. Aliacha mke, Esther, na watoto. Mwanawe, aliyeitwa Bill kama yeye, alikuwa na miaka 11, naye alipokua akafuata njia ileile: magari madogo kwanza, halafu Indianapolis, ambako mwaka 1968 alitajwa mgeni bora na mwaka 1973 akamaliza wa pili. Mjukuu, Bill wa tatu, naye alikuwa mgeni bora wa Indianapolis mwaka 1988. Novemba 1990 alikufa kwenye mazoezi ya mbio karibu na Bakersfield, akiwa na miaka 27. Bill wa pili, aliyempoteza baba uwanjani na mtoto uwanjani, aliishi mpaka mwaka 2023.

Vukovich alikimbia mizunguko 676 tu ya Indianapolis katika maisha yake yote, na kati ya hiyo aliongoza 485. Hiyo ni zaidi ya asilimia 71, na hakuna dereva mwingine wa uwanja huo aliyefikia kiwango hicho. Tangu siku aliyoanguka, madereva watatu wameshinda Indianapolis 500 miaka miwili mfululizo: Al Unser 1970 na 1971, Hélio Castroneves 2001 na 2002, na Josef Newgarden 2023 na 2024. Hakuna hata mmoja aliyeshinda mwaka wa tatu mfululizo.